DAMU KIDOGO, HABARI KUBWA
Jinsi damu inavyoweza kueleza hali ya mapafu ya mgonjwa mahututi

Wewe unajua kipimo cha malaria. Umekwenda zahanati na mtoto mwenye homa. Mhudumu amemchoma kidole kidogo. Ametoa tone moja la damu na kulitia katika kibao cheupe. Mmekaa nje mkisubiri, na baada ya robo saa hivi mmeitwa. Mistari miwili imeonekana, maana yake malaria ipo.

Je, umewahi kujiuliza, tone lile moja limejuaje?

Limejua kwa sababu mdudu wa malaria huacha alama yake ndani ya damu. Kibao kile hakimwoni mdudu mwenyewe. Kinaiona alama aliyoiacha, kama vile wewe unavyoona nyayo za nguruwe katika shamba la mihogo. Hukumwona nguruwe usiku, lakini asubuhi unajua alipita.

Leo tutazungumza juu ya alama nyingine zilizomo katika damu. Hizi ni alama zinazoonyesha kwamba mapafu ya mtu yameumia vibaya. Wataalamu wa nchi nyingi wanazichunguza. Baadhi ya kazi hiyo imefanyika Dar es Salaam, Uganda na Rwanda. Jambo hili linatuhusu sisi wa Ngara na Biharamulo, kwa sababu ugonjwa wenyewe unaanzia majumbani mwetu, katika homa tunazozidharau.

MFANO WA MKULIMA MMOJA

Tuchukue mfano. Mfano huu ni wa kufundishia, lakini mambo ya namna hii hutokea vijijini.

Mkulima mmoja alipata homa wakati wa palizi ya maharage. Siku ya kwanza alisema, "Ni uchovu tu." Siku ya pili alinunua vidonge dukani. Siku ya tatu alitetemeka usiku kucha. Siku ya nne alianza kuhema kama mtu aliyepanda mlima akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Lakini hakuwa amepanda mlima. Alikuwa amelala kitandani.

Mkewe alisema, "Twende hospitali leo hii."

Kaka yake mkubwa alisema, "Tungoje kesho. Njia ina utelezi."

Mke hakukubali. Aliita majirani. Walimbeba mgonjwa kwa machela mpaka barabarani, wakapata gari.

Hospitalini muuguzi alimbana mgonjwa kidole kwa kifaa kidogo. Halafu akaleta sindano ili achukue damu. Kaka mtu akasimama akasema kwa ukali:

"Dada, huoni mtu huyu hana nguvu? Nanyi mnataka kumtoa damu! Mwekeeni dripu kwanza."

Muuguzi hakukasirika. Alisema:

"Shikamoo baba. Naomba unisikilize kidogo. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita tano hivi, kama kidumu kimoja cha mafuta. Mimi nitachukua kijiko kimoja cha chai. Je, ukichota kijiko kimoja katika kidumu kile, kidumu kitapungua?"

Kaka mtu akajibu, "Hakitapungua."

"Basi, baba, kijiko hicho ndicho kitakachotuambia ndugu yako anaumwa nini. Bila hicho tunatibu gizani. Na dripu, tukimwekea bila kujua, inaweza kumzamisha."

"Kumzamisha? Yuko kitandani, atazamaje?"

Hilo ni swali zuri. Tulijibu pamoja.

MTU ANAWEZAJE KUZAMA AKIWA NCHI KAVU?

Ndani ya kifua tuna mapafu mawili. Ukiyatazama mapafu ya mbuzi aliyechinjwa, utaona kwamba ni mepesi na laini. Ukiyatupa katika maji yanaelea, kwa sababu yamejaa hewa. Mapafu ya mtu ni hivyo hivyo. Ndani yake mna vifuko vya hewa vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni.

Kila kifuko kimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Kati ya hewa na damu kuna ukuta mwembamba, mwembamba kuliko karatasi ya gazeti hili. Oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayotupa uhai, hupita katika ukuta huo na kuingia katika damu. Damu huibeba na kuipeleka katika ubongo, moyo na viungo vyote.

Sasa, mtu akipata ugonjwa mkali, mwili hupigana. Vita hivyo ni vizuri, maana ndivyo vinavyomponya. Lakini mara nyingine vita vinakuwa vikali mno. Kuta zile nyembamba zinaumia. Mishipa inaanza kuvuja kama mtungi wenye ufa. Maji ya damu yanaingia katika vifuko vya hewa. Hewa inakosa nafasi. Mgonjwa anahema kwa nguvu, lakini oksijeni haipiti. Ni kama mtu anayezama mtoni, ila maji yametoka ndani ya mwili wake mwenyewe.

Huko ndiko kuumia vikali kwa mapafu. Madaktari walieleza ugonjwa huu kwa mara ya kwanza mwaka 1967 huko Marekani. Waliona wagonjwa 12 ambao walikuwa na maradhi na majeraha mbalimbali, lakini mapafu yao yalishindwa kwa namna moja.

Kumbuka jambo hilo: sababu ni nyingi, lakini mwisho wake unafanana. Mapafu yanaweza kuumia kwa sababu ya kichomi, yaani nimonia. Yanaweza kuumia kwa malaria kali, hasa kwa mtu mzima. Yanaweza kuumia kwa uambukizo ulioenea katika damu baada ya kujifungua au baada ya kidonda kuoza. Mtu aliyenusurika kuzama katika mto Kagera au Ruvubu anaweza kuupata. Hata kunywa baadhi ya dawa za kuua magugu huharibu mapafu. Na mwaka 2020 na 2021 tuliona ugonjwa wa korona ukiwaumiza watu wengi duniani kwa njia hii.

KWA NINI NI VIGUMU KUUTAMBUA?

Mgonjwa anayehema anaweza kuwa na magonjwa mengi. Huenda ana pumu. Huenda ana kifua kikuu. Huenda hana damu ya kutosha. Huenda moyo wake umechoka, na maji yamejaa mapafuni kwa sababu hiyo. Kwa macho wote wanafanana, lakini dawa zao hazifanani.

Mwaka 2012 wataalamu wa dunia walikubaliana namna ya kuutambua ugonjwa huu. Walisema lazima pawe na picha ya eksirei. Lazima ipimwe oksijeni iliyomo katika damu ya mshipa mkuu, tena kwa mashine maalumu. Na lazima mgonjwa awe amewekewa mashine ya kumsaidia kupumua.

Masharti hayo yalifaa kwa nchi tajiri. Kwetu yalikuwa magumu. Hospitali isiyo na mashine hizo ingesema haina hata mgonjwa mmoja wa aina hiyo. Lakini wagonjwa wapo, na wanakufa.

Ndipo madaktari wa Kigali, Rwanda, wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo, wakafanya jambo la maana. Wewe wa Ngara unajua kwamba ukisimama Rusumo, Rwanda iko ng'ambo ya daraja tu. Basi huko Kigali, katika hospitali kubwa ya chuo kikuu, walitumia vifaa vya kawaida. Badala ya mashine ya gharama, walitumia kile kifaa kidogo kinachobana kidole kama kibanio cha nguo. Kifaa hicho hupima oksijeni kwa mwanga, bila kutoa damu. Na pale ambapo eksirei haikupatikana, walitumia altrasaundi, mashine ile ile inayotumika kumtazama mtoto tumboni.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Walikuwa wamewachunguza wagonjwa 1,046 waliolazwa. Kwa masharti ya nchi tajiri, hakuna hata mmoja aliyehesabiwa. Kwa njia ya Kigali walipatikana 42. Nusu yao walifariki. Ni wachache tu waliopata kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Kazi hiyo ya jirani zetu ilisikika duniani. Wataalamu walipotoa masharti mapya, yaliyochapishwa mwaka 2024, walikubali kifaa cha kidole na altrasaundi. Hivyo hekima iliyotoka karibu na mpaka wetu sasa inatumika hata Ulaya na Marekani.

ALAMA ZA DAMU

Lakini kifaa cha kidole kina upungufu wake. Kinasema, "Oksijeni imepungua." Hakisemi kwa nini imepungua. Tena kinasema jambo hilo baada ya mapafu kwisha kuumia. Wataalamu wanatafuta njia ya kujua mapema zaidi. Ndiyo maana wanaitazama damu.

Fikiri juu ya nyumba ya udongo. Mvua kubwa inanyesha usiku. Wewe uko ndani, huoni ukuta wa nyuma. Lakini ukitazama maji yanayopita mlangoni, ukaona yamebeba udongo mwekundu na vipande vya fito, utajua kwamba ukuta wako unabomoka. Hukuona ukuta. Umeona vipande vyake katika maji.

Damu ni kama maji hayo. Inapita kila mahali mwilini, na inabeba vipande vya kila kitu kinachobomoka. Wataalamu wanatafuta alama za aina tatu.

Aina ya kwanza ni vipande vya ukuta wa vifuko vya hewa. Ukuta ukiumia, protini zake huingia katika damu. Zikionekana nyingi, mapafu yameguswa.

Aina ya pili ni alama za mishipa inayovuja. Mojawapo inaitwa angiopoyetini-2. Usihangaike na jina lake. Jua tu kwamba hutolewa na kuta za mishipa, na ikizidi maana yake mishipa imelegea.

Aina ya tatu ni yowe la mwili. Mwizi akiingia kijijini, watu hupiga yowe ili wengine waje. Chembe za mwili nazo hupiga yowe zikimwona adui. Yowe lao ni protini zinazotumwa katika damu. Yowe likiwa kubwa mno, ni dalili kwamba vita vimekuwa vikali na mwili unaweza kujiumiza.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walitangaza jambo la ajabu. Walipotazama alama hizi waliona kwamba wagonjwa wa mapafu wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi moja lina yowe kubwa katika damu. Kundi la pili lina yowe dogo. Kwa macho hutawatofautisha. Lakini wale wa yowe kubwa hufa kwa wingi zaidi. Huenda pia dawa inayofaa kundi moja isifae kundi lingine.

KAZI ILIYOFANYIKA KATIKA NCHI ZETU

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu.

Huko Dar es Salaam watafiti walichukua damu ya watu wazima 507 waliofika katika kliniki wakiwa na homa. Wengi walikuwa wakitembea kwa miguu yao. Watafiti walipima alama moja ya lile yowe, kisha wakawafuatilia wagonjwa kwa siku 28. Walitangaza matokeo mwaka 2020. Waliona kwamba alama hiyo ilikuwa juu kwa wengi wa wale waliokuja kufa baadaye. Yaani damu ilijua hatari mapema, wakati macho hayajaiona.

Huko Jinja, Uganda, walifanya hivyo kwa watoto wadogo wenye homa. Matokeo ya mwaka 2021 yalifanana. Alama ile ile iliwatenga watoto walio katika hatari na wale ambao wangepona kwa dawa za kawaida.

Nia ya watafiti hao ni kupata kibao kidogo kama kile cha malaria. Mhudumu wa zahanati achukue tone moja la damu na kulitia. Kibao kimwambie, "Huyu mpe dawa, arudi nyumbani," au kimwambie, "Huyu mpeleke hospitali sasa hivi." Kwa mtu anayekaa mbali na hospitali, jibu hilo lingekuwa uhai.

Je, kibao hicho kiko tayari? Ndugu msomaji, hatutakudanganya. Bado. Mpaka sasa hakuna kipimo kimoja cha damu ambacho kikisema "mapafu yameumia" madaktari wote wanakubali. Sababu ni kwamba alama hizi hazikai mapafuni peke yake. Zinaweza kupanda kwa malaria kali, au kwa uambukizo mahali pengine mwilini. Yowe linasikika, lakini si rahisi kujua limetoka nyumba ipi. Kwa hiyo wataalamu wanataka kuunganisha alama kadhaa, tena pamoja na dalili za mgonjwa.

Hata hivyo vipo vipimo vya damu vinavyosaidia leo. Kipimo cha malaria kinasaidia. Kipimo cha wingi wa damu, cha sukari na cha VVU pia. Katika hospitali kubwa kipo kipimo kinachoonyesha kama moyo umelemewa, nacho husaidia kujua kama maji ya mapafuni yametokana na moyo. Vyote hivi vinahitaji damu kidogo tu.

HOFU YA KUTOLEWA DAMU

Sasa tuseme jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona.

Tangu zamani katika Afrika Mashariki zimekuwapo hadithi za mumiani, watu wanaosemekana kunyonya damu za wengine. Wazee wetu walizisikia, na wengine wetu tumezisikia tukiwa watoto. Kwa hiyo mhudumu anapoleta sindano na kichupa, baadhi ya watu huogopa. Wengine husema damu inauzwa. Wengine huwachukua wagonjwa wao na kuondoka usiku.

Tutazame jambo lililotokea hapa hapa kwetu. Mwezi wa Januari mwaka 2025 iligunduliwa kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia wilaya ya Biharamulo. Watu walikuwa wameanza kufa, na chanzo hakikujulikana. Sampuli za wagonjwa zilipimwa katika maabara ya Kabaile, mkoani Kagera, na baadaye zikathibitishwa Dar es Salaam. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan aliwatangazia wananchi. Watu kumi walihesabiwa kuwa waliugua, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa. Wote kumi walifariki. Lakini ugonjwa haukuenea zaidi. Tarehe 13 Machi mwaka huo huo ulitangazwa kwamba umekwisha.

Je, bila vipimo ingekuwaje? Tungeendelea kubishana. Huyu angesema ni uchawi, yule angesema ni malaria. Na wakati tukibishana, ugonjwa ungehama nyumba hadi nyumba. Kipimo kilimaliza ubishi.

Lakini usikubali tu kwa kuogopa koti jeupe. Una haki zako. Una haki ya kuuliza, "Damu hii ni ya kupima nini? Mtachukua kiasi gani? Majibu nitapata lini?" Mhudumu anapaswa kukujibu kwa lugha unayoielewa.

Tena tofautisha mambo mawili. Damu ya matibabu ni ya kumtibu mgonjwa wako. Damu ya utafiti ni ya kujifunza ili kuwasaidia wengi. Utafiti katika nchi yetu lazima upate kibali, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ndiyo inayosimamia kazi hiyo. Mtafiti lazima akueleze na akuombe ridhaa. Ukikataa utafiti, hupaswi kunyimwa matibabu. Na sasa kwa kuwa unajua kusoma, isome karatasi kabla ya kuweka sahihi yako.

DRIPU SI DAWA YA KILA UGONJWA

Turudi kwa yule kaka mtu. Alisema, "Mwekeeni dripu kwanza." Wengi wetu tunasema hivyo. Tunaona chupa inaning'inia, tunafarijika. Mgonjwa asipowekewa dripu, tunasema hakutibiwa.

Lakini kumbuka mtungi wenye ufa. Ukiongeza maji katika mtungi unaovuja, maji yanakwenda wapi? Yanamwagika. Kwa mgonjwa huyu yanamwagika mapafuni.

Upo ushahidi wa jambo hili, na umetoka Afrika Mashariki. Utafiti mmoja mkubwa ulifanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ulifanyika Muheza, mkoa wa Tanga. Walishirikishwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Wengine walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Wengine hawakupewa maji hayo ya haraka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011, na yaliwashangaza madaktari wa dunia nzima. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, walikufa kati ya 10 na 11 ndani ya saa 48. Katika kila 100 wa kundi lingine walikufa 7.

Je, hii ina maana kwamba dripu ni mbaya? La. Mtoto aliyeharisha mpaka macho yakaingia ndani anahitaji maji. Mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua anahitaji maji na damu. Maana yake ni kwamba mwenye kuamua ni mtaalamu baada ya kupima. Si sisi tulioketi kwenye benchi.

MATIBABU NI NINI?

Hakuna dawa ya kuziba mishipa inayovuja. Matibabu ni kumsaidia mgonjwa apumue wakati mwili unajitengeneza, na kutibu kile kilichoanzisha ugonjwa. Kama ni malaria kali, atapewa sindano ya malaria. Kama ni kichomi, atapewa dawa za kuua vijidudu. Na oksijeni ikipungua chini ya 90 kwenye kile kifaa cha kidole, anahitaji kupewa oksijeni. Mtu mzima kiafya huwa na 95 au zaidi.

Oksijeni si dalili ya kifo. Watu wengine wakiona mipira puani husema, "Basi, huyu amekwisha." Si kweli. Oksijeni ni dawa. Ikija mapema, inaokoa. Utafiti uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kutangazwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliohitaji oksijeni, karibu nusu tu ndio waliokuwa wakipewa. Wagonjwa wengi mahututi walikuwa katika wodi za kawaida. Kwa hiyo mwombe muuguzi ampime mgonjwa wako kidole, na uliza namba ni ngapi.

Katika hospitali kubwa, wagonjwa wengine wa mapafu hulazwa kifudifudi kwa saa nyingi. Usishtuke ukiona hivyo. Madaktari wa Ufaransa walionyesha mwaka 2013 kwamba wagonjwa walio katika mashine ya kupumulia walipona zaidi walipolazwa kifudifudi.

WEWE UFANYE NINI?

Wewe huna maabara nyumbani. Lakini una macho, una masikio, na unajua kuhesabu. Hesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika moja nzima. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu mtoto akiwa ametulia, si wakati analia. Mpeleke upesi akihema hivi:

Mtoto chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
Mtoto wa miezi 2 mpaka 11: pumzi 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 mpaka 5: pumzi 40 au zaidi.
Mtu mzima: zaidi ya 30 ni hatari kubwa.

Dalili nyingine za hatari ni hizi: midomo au kucha kuwa na rangi ya samawati au nyeusi isiyo ya kawaida, ngozi ya kati ya mbavu kuingia ndani kila anapovuta pumzi, kushindwa kumaliza sentensi moja bila kupumzika, kuchanganyikiwa au kusinzia sana, mtoto kushindwa kunyonya.

Ukiona mojawapo, usingoje kesho. Nenda zahanati au kituo cha afya. Wakikupa barua ya kwenda Murgwanza, Rulenge, Nyamiaga au hospitali ya Biharamulo, nenda siku hiyo hiyo. Mketishe mgonjwa au mwinulie kichwa njiani. Usimnyweshe kitu kwa nguvu. Chukua vidonge alivyokwisha kumeza, umwonyeshe tabibu.

Na kijiji kifanye nini? Kijiji kikae na kupanga mapema. Nani ana pikipiki? Nani ana gari? Machela iko wapi? Fedha za dharura zitatoka wapi? Mambo haya yapangwe katika mkutano, si usiku wa manane mgonjwa akihema.

Kinga nayo ni bora. Lala katika chandarua. Mpeleke mtoto akachanjwe. Tangu mwaka 2013 chanjo ya kuzuia kichomi inatolewa kwa watoto wetu. Toboa dirisha jikoni moshi utoke. Acha tumbaku. Mchimba dhahabu, lowesha mwamba kabla ya kuutoboa ili vumbi lipungue, na ufunike pua na mdomo. Dawa ya kuua magugu usiitie katika chupa ya soda.

Yule mkulima wa mfano wetu alipimwa damu, akaonekana ana malaria kali. Alipewa sindano na oksijeni, na maji kidogo kwa uangalifu. Katika mfano wetu alipona, akarudi kuvuna maharage yake. Lakini kama mke angekubali kungoja kesho, mfano huu ungekuwa na mwisho mwingine.

KUMBUKA

1. Kuhema upesi bila kufanya kazi ni dalili ya hatari.
2. Damu ya kupimwa ni kidogo, lakini habari zake ni kubwa.
3. Uliza maswali kabla ya kutoa damu. Ni haki yako.
4. Dripu huamuliwa na mtaalamu.
5. Oksijeni ni dawa, si dalili ya kifo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mgonjwa wa mapafu anaweza kuzama akiwa nchi kavu?
2. Kipimo cha malaria na alama za mapafu katika damu vinafanana kwa jambo gani?
3. Katika kijiji chenu, watu wanasema nini juu ya kutolewa damu? Ninyi mtawajibuje?
4. Mgonjwa akianza kuhema leo usiku kijijini kwenu, atafikaje hospitali? Pangeni sasa.